Kesi ya Ozell Iliyolala Rafuni

Bi Pruitt wa ustawi wa watoto alikuja kwangu asubuhi akaikagua nyumba kama mtu anayetaka kuinunua. Alifungua friji akachungulia. Alifungulia maji ya moto akaweka kidole. Alibonyeza kile kidude cha kunusa moshi darini mpaka kikapiga kelele na mbwa wa jirani wakaitikia. Kisha akaenda chumba cha nyuma, kile ambacho mwanangu Ozell alikipaka rangi ya njano kwa ajili ya Tamia, akasimama mlangoni kwa muda. Nilipomwona anatabasamu nikajua nimepita.

Tamia ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Charlene. Charlene tulimzika mwezi wa tatu. Alikuwa akiishi Jackson, na alipofariki watu wa serikali walimchukua mtoto wakampeleka kwa familia moja ya huko huko, wageni kabisa kwetu. Nasikia ni watu wazuri, wana bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Walikuwa wameshampenda na walitaka wamfanye wao. Jaji wa watoto angekaa mwisho wa mwezi wa nane aamue. Kama kuna nyumba ya ndugu iliyokaguliwa na kupitishwa, mtoto anakwenda kwa ndugu. Kama hakuna, anabaki kule moja kwa moja, na jina analibadilisha. Na ndugu nilikuwa mimi. Hakukuwa na mwingine.

Nikamkaribisha Bi Pruitt jikoni, nikamwekea chai ya baridi na kipande cha keki ya viazi vitamu. Alikula vizuri, akafuta midomo, akafungua karatasi zake.

"Bi Ludie, nyumba haina tatizo. Wewe huna tatizo. Kuna huyu Ozell Gatlin. Anaishi hapa?"

"Ataishi wapi? Ni mwanangu."

Ozell hakuwahi kuoa. Anaendesha lori la samaki kule kwenye mabwawa ya kambare. Jioni anaingia kwa mlango wa nyuma, anavua mabuti nje ili asinichafulie sakafu, ananawa, halafu kabla hajatia kitu mdomoni ananichoma sindano yangu ya sukari, kwa sababu macho yangu hayaoni tena zile namba ndogo. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, vivyo hivyo. Ni mtu mkubwa, mabega kama kabati, na mkono wake ni mwepesi kuliko wa nesi.

"Kompyuta inaonyesha ana shtaka," Bi Pruitt akasema. "Kosa kubwa. Kumjeruhi mtu. Mwaka themanini na sita."

Nikacheka. Kweli nilicheka. "Lile? Lile liliisha zamani. Jaji mwenyewe alimrudisha nyumbani."

"Kompyuta haionyeshi mwisho, Bi Ludie. Inaonyesha mwanzo tu. Siwezi kumweka mtoto kwenye nyumba yenye mtu wa shtaka la aina hiyo bila kujua limeishaje. Nenda mahakamani kwenu, uombe nakala ya jalada, yenye muhuri wa karani. Kama kesi ilifutwa, nakupitisha siku hiyo hiyo."

"Na kama haikufutwa?"

Akaniangalia. "Si umesema iliisha?"

"Iliisha."

"Basi usiwe na wasiwasi."

Ngoja niwaambie lilikuwa shtaka gani, mtacheka kama nilivyocheka mimi. Kulikuwa na mechi ya besiboli kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa la New Hebron, ng'ambo ya mto, vijana wa huku dhidi ya vijana wa kule. Ozell alikuwa na miaka kumi na tisa. Akapiga mpira, ukaangukia kwenye mstari au karibu na mstari. Kijana mmoja wa kule, Dewitt Rankins, akasema umetoka nje. Ozell akasema uko ndani. Maneno yakawa mengi, mama za watu wakaingizwa, na Ozell alikuwa bado ameshika gongo la kupigia mpira. Taya la Dewitt likavunjika mahali pawili.

Huyo Dewitt ndiye rafiki pekee wa mwanangu. Ndiyo, huyo huyo. Walipatana lini sikumbuki, lakini tangu nywele zao hazijaota mvi wanavua samaki pamoja, na kila Jumamosi Dewitt yuko mezani kwangu anakula maharage ya siagi, taya linalia kama bawaba ya mlango. Hata leo hawajakubaliana kuhusu ule mpira.

Jumapili tuliruhusiwa kuongea na Tamia kwa simu. Sisi wawili tuna mchezo wetu wa vitendawili, tangu alipoanza kusema sawasawa.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Mzee wangu ana ndevu ndefu, hajawahi kukanyaga kwa kinyozi."

Akafikiri, nikamsikia anapumua. "Babu wa kanisani. Yule anayelala."

"Siye. Yule anayelala ana kipara."

"Santa."

"Nipe mji."

"Nakupa Jackson."

"Jackson siutaki. Nilishauchoka. Nipe mwingine."

"Nakupa Memphis."

"Haya. Memphis nilikwenda, nikala mbavu za kuchoma, nikanunua kofia, watu wakaniita malkia, nikarudi nimeshiba. Ni kambare."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Kambare wa Anko Zee?"

"Wa Anko Zee wako."

"Yupo?"

Alikuwepo, amesimama nyuma yangu na taulo begani akingoja zamu. Nikampa simu. Mimi nilitoka nje nikaanika kitu ambacho kilikuwa kimeshakauka, kwa sababu Ozell anapoongea na yule mtoto sauti yake inakuwa sauti nyingine, na si vizuri kumsikiliza mwanamume mzima akiwa hivyo.

Tukaenda mahakamani Coker, ndio mji wetu. Ozell aliegesha chini ya kivuli akasema anatungoja garini. Dewitt alikuwa amejileta mwenyewe, amevaa tai.

"Tai ya nini wewe?" nikamwuliza.

"Mama, mimi ndiye niliyepigwa. Mtu aliyepigwa lazima avae vizuri."

Ozell akachungulia dirishani. "Ungevaa hivyo siku ile nisingekupiga."

"Siku ile ungekubali mpira ulitoka, nisingekuwa na taya la plastiki."

"Ulikuwa ndani."

"Kaa na uongo wako humo garini."

Tulianza chini, tukamkuta msichana anayetafuna ubani. Akatuambia pale ni makosa madogo tu, mwendo kasi na ulevi na mbwa wanaouma watu. Makosa makubwa yako juu, kwa karani wa mahakama kubwa. Tukapanda ngazi, nikapumzika katikati, tukapanda tena. Juu kulikuwa na kijana mpole, akaniuliza jina kamili la mshtakiwa, tarehe ya kuzaliwa, mwaka, kosa. Nikamuuliza kama mimi, mama mtu tu, naruhusiwa kuomba.

"Mtu yeyote anaruhusiwa, Mama. Majalada ya makosa makubwa ni ya watu wote. Hata asiyemjua."

"Hata jirani mbea?"

"Huyo ndiye anayekuja sana."

Akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta kwenye vitabu vya zamani, akarudi anajikuna kichwa. "Tukio lilikuwa upande gani wa mto?"

Nikajua hapo hapo. Kaunti yetu ina mahakama mbili. Zamani mto ukifurika watu wa ng'ambo walikuwa wakifungiwa kule miezi, basi wakajengewa yao kule Vance, na ingawa daraja lipo tangu mimi niko shule, mahakama zimebaki mbili, kila moja na vitabu vyake, na hakuna inayojua mwenzake ana nini. Kesi ilisikilizwa kule, ila mimi nilifikiri jalada linamfuata mtu anakoishi. Kumbe linakaa pale damu ilipomwagika.

"Vance," akasema yule kijana. "Na Vance wanafungua Jumanne na Alhamisi."

Ilikuwa Ijumaa. Tulirudi nyumbani. Bi Pruitt alipiga simu jioni kuuliza nimefikia wapi, nikamwambia nimefikia mtoni.

Jumanne tukavuka daraja. Mahakama ya Vance ni nyumba ndogo ya matofali, na karani wake ni mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo, anaitwa Bi Corrine Tubb. Aliponiona tu akasema, "Wewe si ulikuwa unapika shule ya msingi kule Coker? Mpwa wangu alihamia huko. Mpaka leo anasema hajala mkate wa mahindi kama ule."

"Mwambie aje, bado naupika."

"Nitakuja mimi."

Nikamweleza haja yangu. Akaniandikisha ombi, jina na mwaka na kosa, akasoma kwenye kitabu kikubwa kwa kidole, akafika kwa Gatlin, akanakili namba. Majalada ya miaka ile yalikuwa jela ya zamani, nyuma pale, maana paa la jela ndilo halivuji. Akachukua funguo. Dewitt akabeba ngazi.

Ozell alikuwa amebaki garini tena. Nilimwambia aje angalau anyooshe miguu, akasema, "Mama, nililala mle ndani. Najua palivyo."

Bi Corrine alipanda ngazi, akapekua, akashuka, akapanda pengine. Rafu zilikuwa zimejaa mpaka juu kwenye vyumba vile vya nondo. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ili asichoke nikamtegea kitendawili.

"Anaingia mahakamani kila siku, hajawahi kuapishwa."

"Mimi," akasema kutoka juu.

"Wewe uliapishwa ulipopewa kazi."

"Kweli. Wakili?"

Dewitt akasema, "Wakili anaapa hata usipomwuliza."

"Nipe mji," nikasema.

"Nakupa Greenville."

"Greenville nimekwenda, nikala tamale za moto, zile za unga wa mahindi na nyama ndani, nikacheza mpaka viatu vikakatika. Ni vumbi."

Bi Corrine akacheka akapiga chafya, na katika kupiga chafya mkono wake ukaangukia mahali pake. "Huyu hapa," akasema. "Gatlin, Ozell."

Jalada lilikuwa jembamba. Aliliweka juu ya meza ofisini, akaligeuza karatasi moja moja ili na mimi nione, ingawa herufi ndogo sizioni. Hati ya mashtaka. Maelezo ya daktari kuhusu taya. Kisha akafika karatasi ya mwisho. Ilikuwa fupi, lakini aliisoma mara nyingi.

"Alikuwa Jaji Crane," akasema.

"Ndiye. Namkumbuka kama jana. Alimwambia Ozell, rudi nyumbani kwa mama yako, ufanye kazi, nisikuone tena hapa. Tukarudi, nikachinja kuku. Watu walikula mpaka uani."

"Bi Ludie." Akavua miwani. "Hii haikufutwa."

"Alifungwa? Hakufungwa hata siku moja baada ya pale."

"Wala hakuhukumiwa. Jaji Crane alikuwa na tabia yake. Kijana akija mara ya kwanza, na watu wake wamesimama naye, alimwambia nenda nyumbani, na jalada analiweka rafuni. Hapa ameandika hivyo kwa mkono wake: liwekwe rafuni. Maana yake, ukikosea tena linashushwa na kesi inaendelea pale pale ilipoachwa. Usipokosea, linakaa."

"Linakaa mpaka lini?"

Akatazama tena ile karatasi. "Hakuandika."

Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili. Nilifikiria wale kuku. Wanaume wote wa rika la Ozell waliopita mbele ya yule jaji, mama zao walichinja kuku, wakasema yamekwisha, kwa sababu jaji akikutuma nyumbani ni nini tena kama si kwisha? Bi Corrine alikuwa kama amenisikia.

"Wako wengi mle," akasema. "Wengine ni mashemasi. Mmoja ni mjomba wangu. Hakuna aliyekuja kuuliza, kwa hiyo hakuna ajuaye."

Dewitt akasogea na tai yake. "Dada, sikiliza. Mimi ndiye Rankins. Taya ni langu. Mimi nasema yameisha. Niandikie hapo nitie sahihi."

"Soma hapa juu, Bwana Rankins."

Dewitt akasoma polepole. "Jimbo dhidi ya Ozell Gatlin."

"Unaona? Mlalamikaji ni Jimbo. Wewe humo ni shahidi."

"Shahidi wa taya langu mwenyewe?"

"Ndivyo ilivyo."

"Jimbo lilikuwa wapi siku ile? Mimi sikuliona uwanjani."

Hakuna aliyecheka. Nikamuuliza Bi Corrine nani anaweza kuimaliza. Akasema ni rahisi, na alivyosema rahisi niliogopa zaidi. Mwendesha mashtaka anasimama, anaomba ifutwe, jaji anatia sahihi. Hata kahawa haipoi. Ila jaji anakaa Vance mara mbili tu kwa mwaka, masika mwezi wa tatu, na vuli mwezi wa kumi.

"Na mwezi wa nane?"

Akavuta karatasi na kalamu. "Nitamwandikia mwendesha mashtaka leo. Na jaji nitampigia mwenyewe, yuko kaunti ya tatu kutoka hapa. Lakini Bi Ludie, mimi nimekaa kiti hiki muda mrefu, sijamwona jaji akivuka kaunti katikati ya kiangazi kwa ajili ya jalada moja la rafuni."

Kisha akaniuliza kama bado nataka nakala. Akanieleza bila kunificha: akiigonga muhuri, karatasi itasema kwa kinywa cha mahakama kwamba kesi iko wazi. Nikamwambia agonge. Ningefanyaje? Bi Pruitt alikuwa ameshaona mwanzo kwenye kompyuta yake. Bila karatasi angebaki anaona mwanzo, na mimi ningebaki mwanamke aliyemlisha mtu keki huku akimwambia uongo.

Akagonga. Muhuri wa Vance ni wa chuma, wa kubinya kwa mkono, na alibinya kwa nguvu zake zote kama anayekamua kitu.

Ozell alikuwa amefungua mlango wa gari, miguu nje, anasikiliza redio. "Wamesema nini?"

Nikaikunja ile nakala nikaitia mkobani. Dewitt akajaribu kunisaidia. "Wamesema mpira ulitoka nje."

Ozell akaanza kucheka, akanitazama, kicheko kikafia palepale. Nikamweleza. Nilimweleza yote pale kwenye changarawe, jua kali, na yeye alisikiliza ameinamisha kichwa kama nilivyokuwa nikimkanya zamani. Nilipomaliza akasema, "Ingia, Mama, utaungua." Akanifungia mkanda.

Tukafika darajani.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi ni mshtakiwa," akasema.

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Napitisha sahani ya sadaka kanisani, mshtakiwa. Nambeba Charlene kaburini, mshtakiwa." Alikuwa anasema taratibu, kama mtu anayejifunza lugha. "Nisingejua ningekuwa mshtakiwa mpaka nife."

Dewitt kiti cha nyuma alifungua tai yake akaikunja akaitia mfukoni.

Nilimpigia Bi Pruitt simu nikiwa jikoni, simu nimeiweka kwenye spika. Nilimweleza yale niliyoambiwa. Nikasikia mtu mwingine ofisini kwake anapiga chapa.

"Bi Ludie, kesi ya kumjeruhi mtu, iliyo wazi. Mimi nikiandika hivyo, jaji wa watoto hatafika hata ukurasa wa pili."

"Mtu mwenyewe aliyejeruhiwa anakula kwangu kila Jumamosi. Ongea naye."

"Nakuamini. Sikiliza nikuambie, na nakuambia kwa sababu niliona kile chumba." Akashusha sauti. "Naweza kuandika kwamba nyumba ina mtu mzima mmoja. Lakini naandika kama ni kweli tu. Si mtu aliyekwenda kulala kwa rafiki siku mbili. Awe amehama, na vitu vyake. Na asimkaribie mtoto, si nyumbani, si kanisani, mpaka kesi iishe kwa karatasi."

"Na nani atanichoma sindano?"

Lilinitoka tu. Sikuwa nalifikiria hilo. Sijui kwa nini katika mambo yote ndilo nililolitaja.

"Sijui, Mama," Bi Pruitt akasema.

Ozell alikuwa kwenye sinki ananawa, mgongo umenielekea, akisikia yote. Alizima maji. Hakugeuka.

"Mwambie ni kweli," akasema.

"Ozell."

"Mwambie nyumba ina mtu mmoja. Ni kweli. Nahama."

Nilitaka kusema hapana. Nataka mjue kwamba nilitaka. Nilikuwa na watoto wawili, mmoja nimeshamzika, na huyu amekaa na mimi maisha yake yote, na sasa mtu ananiuliza kwenye simu kama ni kweli. Lakini nilifikiria lile bwawa la kuogelea, na jina jipya, na Tamia akiwa mtu mzima amesahau kwamba aliwahi kuwa na bibi wa vitendawili. Nikasema, "Ni kweli."

Dewitt alikuja na gari lake la mizigo Jumamosi. Kwa kawaida ni siku ya maharage, na nilikuwa nimeyapika, tukala wote watatu, taya linalia.

"Kwangu kuna kitanda," Dewitt akasema. "Chakula ni kibaya. Hilo nakuambia mapema."

"Najua. Nimeshakula kwako."

"Na gongo lolote liache huku kwa mama yako."

"Ulikuwa ndani, Dewitt."

"Ulitoka nje. Pitisha mkate."

Baada ya kula Ozell aliniweka kitini akanifundisha kujichoma. Alikuwa amenunua rangi ya kucha nyekundu, akapaka mstari kwenye kila sindano, pale dawa inapotakiwa kuishia, mstari mnene ambao hata mimi nauona. Alizipaka zote, akazipanga juu ya gazeti zikauke. Nilimtazama yule mtu mkubwa ameshika kibrashi kidogo kama cha mwanasesere, ulimi umetoka kidogo upande mmoja, kama alivyokuwa akiandika alipokuwa darasa la kwanza.

"Mama, usiniangalie hivyo. Naenda kwa Dewitt. Siendi vitani."

"Ni ng'ambo ya mto."

"Kuna daraja."

"Usinichekeshe."

Akabeba nguo zake, redio, mabuti ya akiba. Aling'oa mwenyewe ule msumari aliokuwa akitundikia kofia, kwa sababu Bi Pruitt alisema atarudi kukagua na hataki kuona kitu cha mwanamume. Tundu la msumari akaliziba kwa dawa ya meno. Kisha akaenda chumba cha njano, akakaa mle peke yake. Sikumfuata. Alipotoka alikuwa ameshika taa ndogo ya mtoto, ile ya kuchomeka ukutani, akasema ameijaribu na inawaka.

Bi Pruitt alirudi, akafungua kabati, akaona hangeri tupu, akaandika. Hakunitazama usoni.

Jaji wa Jackson alinipa mtoto. Bi Corrine alipiga simu kusema mwendesha mashtaka hajajibu, ila jina la Ozell ameshaliweka la kwanza kwa mwezi wa kumi. Nikamshukuru. Na mwezi wa kumi watafanya nini, anajua nani? Wanaweza kusogeza mpaka masika. Hakuna aliyeandika.

Tamia aliletwa saa za jioni. Nilikuwa barazani tangu mchana. Alishuka na begi dogo mgongoni na nywele zimesukwa vizuri kabisa na mtu nisiyemjua. Alinikumbatia kiunoni, akaniminya, na kabla sijamshika sawasawa alikuwa ameniponyoka, ameingia ndani, anaita.

"Anko Zee."

Nilimsikia anafungua mlango wa chumba cha nyuma. Akapiga kelele ya furaha kwa ajili ya ile rangi, kidogo tu, kisha akatoka tena. "Anko Zee." Akafungua chumba cha Ozell. Kitanda kilikuwa na shuka jeupe, limevutwa kama la hospitali. Akapiga magoti akachungulia chini ya kitanda. Akafungua kabati, hangeri zikagongana. Akaenda bafuni, akavuta pazia. Akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akazunguka banda la zana, akarudi na nyasi kwenye soksi.

Bi Pruitt alikuwa amesimama na mimi barazani ameshika karatasi ya kutia sahihi. Mtoto alivyokuwa anapita pita mle ndani, yeye alikuwa anaitazama ile kalamu yake.

"Nimwambie mimi?" akaniuliza.

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Barabara ni ndefu."

Alipoondoka nilikwenda jikoni. Tamia alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, anahema.

"Bibi, safari hii kajificha kabisa."

Nikavuta kiti, akapanda. Nikampakulia maharage, nikamkatia mkate, nikaupaka siagi mpaka pembeni.

"Kula kwanza," nikasema.

Akala huku anautazama mlango wa nyuma. Kila gari lilipopita barabarani aliacha kutafuna.